Ndoo Iliyojaa

Jumatatu, 6 Septemba
Vyuma alfajiri, kabla sijafungua meza yangu ya mitumba sokoni. Ni bomba lenye kopo la saruji kila upande, na la kushoto ni zito kuliko la kulia, kwa hiyo bega moja limetuna zaidi. Haidhuru. Mayai, muhogo, chai ya maziwa. Nimepanda kwenye mizani ya wanunuzi wapya wa korosho: kilo mia na mbili. Mizani yao inaiba, Newala nzima inajua, basi huenda nimezidi hapo. Nimefurahi kama mtoto.

Mjomba Nantanga hakufurahi. Enzi zake alipigana ngumi za uzito wa juu akiwa na kilo themanini na kitu, na alivuma kutoka hapa mpaka Mtwara. Hakuwahi kuinua chuma. Alishuka bondeni na debe, akapanda na maji kichwani, msimu mzima wa kiangazi. Na mimi anataka nifanye hivyo mpaka siku ya pambano langu la ngumi kule Masasi. Maji! Kazi ya akina mama! Nikaitikia tu. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto wa dada yake, nitamjibu nini?

Alhamisi, 9 Septemba
Nimeshuka. Kushuka raha. Kupanda, Mungu wangu! Kila hatua shingo inazama kifuani. Mama Zuhura, jirani yangu, alinipita, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, haishiki hata kwa kidole. Akasema, "Pole kaka Hamisi, mwili wote huo ni wa nini?" Wenzake wakacheka mpaka wakalazimika kusimama. Nimefika juu na maji ya kunawia uso. Nimekwenda nyumbani bila kumwona mjomba. Sirudi kule.

Jumapili, 12 Septemba
Kibanda cha video kimepata kanda mpya za ngumi kutoka Dar. Nimempeleka mjomba makusudi, aone. Wanaume kama milango. Vifua, shingo, mapaja. Nikamwambia, tazama, mjomba, uzito wa juu wa siku hizi huo.

Hakubisha. Alisema mmoja kati ya wale angemvunja mbavu raundi ya kwanza. Nikatabasamu. Kisha akaniambia nitazame midomo yao. Raundi ya sita walikuwa wanahema midomo wazi, wamekumbatiana kama watu wa harusini. Wa zamani, anasema, walikuwa wembamba kwa sababu pambano lilifika raundi kumi na tano, na mwili mkubwa unakula pumzi. Walikimbia na kupasua kuni. Wa sasa wana mashine, wana daktari, wana mpishi, wana mtu wa kuwakimbiza. "Wewe una saruji," akasema.

Watu waliokaa nyuma yetu walicheka. Nilikasirika, sikumsindikiza hata mpaka mlangoni kwake.

Jumanne, 21 Septemba
Nimepata njia. Nakaa juu, pale njia inapomalizikia, nyuma ya mkorosho. Mama Zuhura anapanda na maji yake, ananimiminia kwenye ndoo yangu, halafu anashuka tena kuchota ya kwake. Mimi nampa nguo za mtoto kutoka mezani kwangu. Wiki nzima sasa. Nalowesha shati, nafika kwa mjomba nikihema.

Leo tena alichungulia ndani ya ndoo. Akanitazama. Akasema ahsante, mpwa wangu. Mikono yake inatetemeka, hawezi hata kuinua ndoo. Ni ngumi za miaka ile, lakini watu wanasema ni pombe ya gongo, na mzee hajawahi kuonja. Kila anayepita anaambiwa: "Mpwa wangu huyo, ametoka bondeni." Mimi nimesimama hapo hapo, nasikia.

Waandaaji wa Masasi hawakutaka kuniandikisha, hawanijui. Mjomba alipanda gari mwenyewe, akaenda kunisemea. Jina lake ndilo lililoniingiza. Nikishinda, watamwamkia tena kama zamani. Najiona mshenzi. Lakini kesho nitakaa tena kwenye mkorosho.

Jumamosi, 2 Oktoba
Masasi. Pambano jioni. Nimemwona mpinzani wangu, mchukuzi wa korosho kutoka Tandahimba, anapandisha magunia kwa baiskeli. Mkavu kama ufito. Uzito wa juu gani huu? Nimecheka mbele yake.

Jumapili, 3 Oktoba
Nimeshindwa.

Raundi mbili nilimpiga nilivyotaka. Ya tatu pumzi ikakata. Mikono ikawa ya mtu mwingine. Yeye anakuja tu, anakuja tu. Kabla ya raundi ya nne nilikaa kwenye stuli na sikuinuka. Laiti angeniangusha. Nilikaa tu. Ukumbi ukaanza kuniita furushi la nguo kuukuu: "Robota! Robota la mitumba!"

Mjomba alipanda ulingoni, akishikilia kamba. Akawaambia nina malaria, na kwamba yeye ndiye aliyenilazimisha kupigana. Mtu akapiga kelele kwamba mzee kalewa. Wakacheka. Mimi nikainamia viatu vyangu.

Jumanne, 5 Oktoba
Jana tulirudi Newala. Gari liliharibika Chiungutwa, tukakaa pembeni ya barabara. Nikamwambia, mjomba, sina malaria. Akasema anajua. Nikaanza kumweleza habari za maji, akasema hiyo pia anajua, tangu ndoo ya kwanza.

Alisema miaka yote aliyobeba yeye hakuwahi kufikisha debe limejaa. Mwanamume anayejifunza kubeba anamwaga njia nzima. Ndoo yangu ilifika imejaa mpaka ukingoni, kila siku. Anayefikisha maji hivyo ni mwanamke aliyekua na kazi hiyo. "Tungempeleka Mama Zuhura ulingoni," akasema. Hakucheka.

Nikamuuliza kwa nini basi alikwenda Masasi kunitolea jina lake. Alisema alidhani nitaona haya kabla ya siku kufika.

Sijala tangu jana.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimeshuka peke yangu leo. Ndoo ya kwanza nimempelekea Mama Zuhura. Kidogo sana, lakini alipokea. Ya pili alinikuta nayo katikati ya mteremko, akachuma majani, akayaweka juu ya maji yasiruke. Akashika njia yake.

Mjomba alichungulia. Haikufika nusu. Nilimtekea kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akanywa taratibu, kikigonga meno. Jirani mmoja alikuwa anapita, mmoja wa wale waliosikia habari za Masasi.

"Mpwa wangu huyo," mjomba akamwambia. "Ametoka bondeni."

Jirani alicheka, akaenda zake. Mjomba akanyoosha kikombe nimwongezee.