Marando ya Mama

Jumatatu, 4 Machi
Nimepalilia viazi vitamu mpaka mgongo unauma. Magugu ya Marwa yamevuka mpaka tena. Jirani gani huyu? Nusu ya shamba lake ni magugu ya maua ya zambarau, na anapita katikati kifua mbele kama bwana shamba. Nikimwambia yanafuga inzi weupe, anacheka. "Mama Bhoke, si yanapendeza?" Nyoo!

Alhamisi, 7 Machi
Viazi vyake vimekunja majani. Vimedumaa kama mwenyewe. Anasema ni kijicho cha watu. Nani amwonee kijicho mtu wa shati moja? Inzi wananyonya kwenye magugu yake, wanahamia kwenye viazi na ugonjwa wao. Tulielezwa mkutanoni. Marwa alikuwaga anakoroma.

Mbegu yangu ni ya mama. Aliniachia marando haya ya viazi, basi. Hapa Butiama hakuna mwingine anayo. Mwaka jana nilimpa wifi Nyabise wa Buhare, kwa sababu kwetu mtu akiomba marando humnyimi. Nilimpa mafupi, ya pembeni. Nikamwambia usoni ataua hata hayo. Mvivu yule, na makucha yake marefu.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya misa nimemwambia Marwa mbele za watu: ng'oa. Kasema kesho. Kesho ya Marwa naijua.

Jumanne, 26 Machi
Nimetikisa marando yangu. Inzi wametimka, weupe kama unga. Majani ya mpakani yamejikunja.
Nimemtukana Marwa matusi ambayo siyaandiki hapa.

Ijumaa, 5 Aprili
Shamba zima limeugua. Nimeng'oa yote, nimechoma. Marwa kaja na panga, eti sasa anafyeka magugu. Sasa! Mpumbavu. Nimelia mbele yake, na hilo ndilo linaniudhi kuliko yote.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimeenda Buhare. Wifi ana kitalu nyuma ya nyumba. Gugu hata moja hakuna. Majani mapana, yaleyale ya mama.
Maneno niliyoyapanga njiani yalipotea. Nimesema tu, "Wifi, naomba mbegu."
Hakunikumbusha kitu. Ameinama, amekata. Marefu, ya katikati. Kanifungia kwa kanga yake.
Makucha bado anayo. Yamejaa udongo.