Paji Linalong'aa

Jumapili, 15 Juni

Nimefungiwa rasmi. Hadi Jumamosi sitoki nje ya geti, na Danar, bwana harusi wangu, haruhusiwi kuniona – afadhali simu haijafungiwa. Kufungiwa hakunikeri. Kinachonikera ni paji la uso! Nimelisugua kwa sabuni asubuhi, nikalirudia saa nne, nikalirudia tena saa saba. Kufika alasiri linang'aa kama sufuria mpya. Darasa langu la tatu wangekuwepo wangesema, "Mwalimu, taa imewaka."

Siku nyingine ningecheka. Lakini Jumamosi nachorwa paes, ile michoro myeusi ya bi harusi inayoshuka kutoka kwenye nywele hadi katikati ya paji. Wino wake ni nta na masizi. Kwenye ngozi ya mafuta unateleza. Na ukiteleza mbele ya wageni, hapa mjini Solo hakuna anayelaumu ngozi. Wanasema mtu hakufunga kabla ya harusi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeanza kufunga: wali mweupe na maji. Basi. Mama akamkaangia Baba tempe, vile vipande vya soya, nyumba nzima ikanukia – huo ni uungwana gani?

Shangazi wa Danar, Bi Tatik, alileta vitambaa. Akanikagua uso kabla ya salamu. Akasimulia harusi moja ya Klaten, mwezi uliopita tu: wino ulichuruzika hadi kwenye nyusi, na mchoraji hajaitwa tena popote. Kisha kwangu: "Wewe mwanangu una paji la baraka. Mtu anaweza kukaangia yai." Mama akacheka kwa adabu. Mimi nikaenda jikoni, nikakata ndimu, nikajisugua mpaka machozi yakanitoka.

Jumanne, 17 Juni

Paji jekundu, linachubuka, na mafuta yamezidi! Haki iko wapi?

Mama akamwita Bi Sarwi, mchoraji wangu. Ndiye aliyemchora Mama naye, enzi hizo. Akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani, akanusa. "Ndimu?" Nikakiri. "Unainyang'anya ngozi mafuta, nayo inahangaika kuyarudisha. Iache ipumue, maskini." Amri zake: kunawa asubuhi na jioni tu, maji ya uvuguvugu, sabuni laini. Taulo linabonyeza, halisugui. Jioni poda ya mchele iliyolowekwa, nyembamba. Ndimu zirudi kwenye supu.

Alipoinuka alishika meza kwanza. Nikamletea chai, akaisogeza pembeni. Mchoraji naye hufunga, nilikuwa nimesahau – wali mweupe na maji kama mimi, ili mkono uwe mwepesi na wino ushike. Ndivyo wafanyavyo wote.

Alhamisi, 19 Juni

Ngozi imetulia! Wekundu umepungua. Mchana nilibonyeza karatasi ya kufyonza mafuta, ikatoka na doa dogo tu. Nikalipiga picha doa, nikamtumia Danar. Akajibu kwamba hajawahi kutumiwa barua ya mapenzi nzuri kama hiyo. Mpumbavu. Nampenda.

Jioni nilimsikia Mama akiongea na Baba jikoni. Bi Sarwi huwa anafunga siku mbili tatu kabla ya harusi. Safari hii ameanza mapema, kwa sababu ya paji langu. Na ana sukari! Daktari alishamkataza kabisa kufunga. Mama anasema amembembeleza, wapi. Jibu lake: "Mume kaenda, macho yanakwenda, nimebaki na jina. Na hilo liende?" Baba alitoa leso akajifuta paji lake – na mimi ndiko nilikolitoa langu.

Wali wa leo nimeuacha sahanini.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeogeshwa kwa maji ya maua. Vinyweleo vya paji vimenyolewa. Bi Sarwi alipoinama na wembe nikamnong'oneza: kula chochote, Bibi, nakuomba. "Kesho, wino ukikauka." Nikamwambia ngozi ni yangu. Akasema, "Na mkono ni wangu. Tulia nisikukate."

Paji laini, zuri kuliko wakati wowote. Sina raha nalo hata kidogo.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi. Niko kwenye kiti cha kuchorewa, daftari mapajani. Bi Sarwi amesema nitulie mpaka umbo la katikati likauke sawasawa. Kuandika hakukukatazwa.

Alianza vizuri. Penseli, halafu wino. Umbo kubwa la katikati likakaa. Alipogeukia upande wa kulia mkono ukaanza kutetemeka. Feni inapuliza, lakini jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akaweka brashi chini. Akaiinua. Akaiweka tena.

Nikasimama.

"Kaa, bi harusi."

Sikai mpaka unywe kitu, nikamwambia.

"Utaniharibia kazi."

"Basi iharibike!" Mimi huyu! Wiki nzima sijalala kwa ajili ya paji hili. Kwenye sinia kulikuwa na chai ya Baba, sukari vijiko vitatu kama kawaida yake. Nikamshikisha glasi, mkono wangu juu ya wake, maana ilikuwa inagonga meno. Akanywa nusu, macho kayafumba.

Mlango ukafunguka. Bi Tatik. Akatazama glasi kwanza, ndipo akatutazama sisi.

"Nani anakunywa chai humu, na mchoro haujaisha?"

Glasi bado ilikuwa kati ya mikono yetu. Nikaivuta kwangu. "Mimi, Shangazi. Njaa imenishinda." Nikaimaliza yote mbele yake. Tamu mno – Baba anaishije?

Nikaketi tena. Bi Tatik amevuta kiti, amekaa mkabala nami, na mkoba wake mapajani. Analitazama paji. Wino ukiteleza sasa wa kulaumiwa nipo, na jina la Bi Sarwi halimo. Hilo limenituliza, ajabu. Nje ngoma za wageni zimeanza. Nahisi unyevu unakuja pembeni, karibu na nywele. Siligusi.

Bi Sarwi amechovya brashi. Nimeuangalia mkono. Umetulia.

"Kidevu juu, mwanangu," anasema. "Na hilo daftari –"