Shimo la Makumbi Ulilolifungua Kabla ya Wakati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, huko uliko. Nakuandikia hadharani makusudi, maana waliokucheka walikucheka hadharani.

Unakumbuka likizo ile, miaka ya tisini ikielekea kwisha, nilipokuja Msambweni nimenuna? Nilikuwa natafuta bakteria wenye kimeng'enya cha kukata DNA, ule uzi mwembamba unaobeba urithi wa kila kiumbe. Bakteria hukitumia kumkatakata adui anayewaingia. Tope nililolichota huku na huko halikunipa kitu, na mwalimu wangu alishasema nikikosa tena nibadilishe utafiti. Lililobaki lilikuwa tope la ndani kabisa ya yale mashimo tunamofukia makumbi ya nazi kwa miezi ili yalainike, makumbi yakiwa bado yanaoza. Nani angenipa? Kwetu shimo la makumbi likifunguliwa kabla ya wakati halifukiwi tena, na usumba wake, zile nyuzi za makumbi, haufai kusokota kamba. Majirani wote walinifukuza, kwa adabu lakini walinifukuza.

Wewe ulijifunga leso kiunoni, ukachukua jembe, ukaenda kulifungua la kwako. Bi Mwanasha, jirani yetu, akakupigia kelele, "We, una wazimu? Miezi yote hiyo!" Waliokuwa wakipita wakacheka. Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Shimo langu, wazimu wangu." Nililia huku nikijaza chupa zangu. Makumbi yalitoka magumu, hayapondeki, ukaishia kuyaanika na kuyapikia.

Kimeng'enya nilikipata. Kilikata vizuri, tena mahali pamoja tu. Lakini je, ni kipya? Kulikuwa na hifadhidata kwenye Intaneti, ambamo wataalamu wa dunia nzima waliweka kila kimeng'enya cha namna hiyo: kimetoka kwa bakteria gani, kinakata wapi. Kama changu kimo, basi shimo lako limekwenda bure. Ningeweza kuangalia chuoni Nairobi, nikakataa. Nilitaka uwe kando yangu, liwalo na liwe.

Tukaenda ile ofisi ya Ukunda yenye kompyuta, wewe na buibui lako jipya. Mwenye ofisi, mtu wa bara, akasema, "Mathe, ngoja kiasi, net iko slow." Ukaniuliza anasemaje, nikakwambia mtandao unakwenda polepole. Nikaandika mahali kinapokata, nikabonyeza, tukangoja weee. Kioo kikaleta maneno machache, nikakusomea: hakuna kilichopatikana.

Ukanishika mkono. "Hamna, mwanangu? Pole. Tutafukia mengine."

"Hamna, Mama! Ndicho tulichokitaka. Hakuna mwingine aliyewahi kukiona."

Ulicheka mpaka watu wa barabarani wakachungulia.

Siku hizi kimo humo, na penye asili yake pameandikwa Msambweni. Nawaonyesha wanafunzi wangu, nao wanadhani najivunia kimeng'enya. Nakukosa, Mama. Nakukosa hasa siku ninazoshinda, kwa sababu hakuna anayejua kushangilia kama wewe.

Jioni ile tuliporudi kutoka Ukunda hukuingia kwako. Ulikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Bi Mwanasha, hata hodi hukupiga. Alikuwa anakuna nazi. Ukasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Tumetazama dunia nzima, Mwanasha. Hawanacho. Mimi ninacho."

Pumzika kwa amani, mshindi wangu.

Binti yako