Kadi Niliyoitoa Katikati ya Ziwa

Feza mujukuu wangu,

Huku Kalemie tuko wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini ugali anamaliza. Umeniuliza kama ununue simu ya eSIM, ile laini isiyo na kadi. Ni kweli haipotei, na mwizi hawezi kuichomoa.

Lakini sikiliza. Siku moja tulikuwa tunarudi na bidhaa kutoka Kigoma, injini ya boti ikazimika, mawimbi yakaanza kuingia. Mama yako, angali binti, alikuwa anachota maji kwa sufuria huku analia. Simu yangu ililowa, ikafa. Ya nahodha ilikuwa na kadi ya Kigoma, na rezo ya kule, ule mtandao wa simu, tulikuwa tumeiacha mbali.

"Mama, toa kadi yako!" nahodha akapiga kelele, maana yangu ilikuwa ya Kalemie.

Niliichomoa, nikaipangusa kwa kikwembe nilichojifunga. Ikianguka majini, basi. Nahodha akaiweka mu simu yake. Nambari ya babu yako ilikuwa ndani ya kadi ile. Kichwani sikuwa nayo. Tukampigia, akaitika. Akatufuata na boti ingine.

Nunua simu yako, lakini iwe na tundu la kadi pia. Laini ambayo mwizi hawezi kuichomoa, na wewe ukiwa unazama hutaichomoa.

Ni mimi, bibi yako.