Fyuzi ya Thelathini

Jumanne, 4 Oktoba 2011

"Fyuzi ikiungua mara mbili, gari halina kosa, fyuzi ndiyo ndogo. Weka kubwa, uende zako."

Ndivyo alivyosema Rigoberto Meza leo mchana kwenye redio yetu ya San Ignacio, na mtangazaji akacheka kama aliyefunuliwa siri ya dunia. Mtu mzima! Fundi wa miaka ishirini na mbili, gereji yake inatazamana na yangu. Kuna mfalme wa Uajemi aliyeichapa bahari viboko kwa kumvunjia daraja. Rigoberto angemshauri atafute kiboko kinene zaidi. Fyuzi haiungui kwa udhaifu. Inaungua kwa sababu ina habari. Waya umechubuka mahali, umeme umepata njia ya mkato, na kijidude hicho cha plastiki kinakufa ili wewe usife. Nitamjibu siku moja katika dakika zangu tano za Jumapili kwenye redio hiyohiyo, na nitamtaja jina.

Kazi ya leo: pikapu ya Nicanor Arce. Nilimsimamia binti yake ubatizo, basi ananiita mama ubatizo ingawa tumesoma darasa moja. Taa nne juu ya paa. Anabeba kambakoche kutoka pwani kabla hakujapambazuka, na ng'ombe weusi hulala katikati ya njia. Mwaka jana alimgonga mmoja. Waya wa ampea ishirini, rilei, swichi, fyuzi ya ishirini karibu na betri. Waya unapita kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na dereva. Raba za tundu, zinazokinga waya usichubuliwe na ukingo wa bati, zimekwisha. Nimezungushia utepe wa umeme, mizunguko sita. Si kazi ya kudumu. Nimemwambia arudi Jumatatu nimwekee raba.

"Jumatatu nina kambakoche, mama ubatizo."

"Watasubiri."

"Hawa? Hawa wana haraka kuliko mke wangu."

Jumatatu, 10 Oktoba

Nicanor hakuja. Raba nazo hazijafika kutoka Ensenada. Taa za gari la maji la Eusebio: utepe. Taa za gari la Casimira, mkunga: utepe. Wote nimewaambia warudi. Wote wamesema ndiyo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimekutana na Nicanor kwenye foleni ya chapati za mahindi. Anang'aa. Taa zake zilizimika mara mbili njiani wiki iliyopita, fyuzi imeungua. Akaja kwangu akakuta nimefunga — nilikuwa Santa Rosalía kwenye mazishi ya shangazi — akavuka barabara. Rigoberto akamwekea fyuzi ya thelathini.

"Sasa zinawaka kama mchana. Nawaona ng'ombe mpaka kope."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia palepale, mbele ya foleni nzima, kwamba Rigoberto ni mjinga, na kwamba mjinga mwenye spana ni hatari kuliko mlevi mwenye bunduki. Watu walicheka. Nikaendelea. Robo saa, labda zaidi. Nilikuwa na maneno mazuri. Nicanor akachukua chapati zake, akasema ataleta gari Jumapili, tuone.

Gari lilikuwa limeegeshwa hatua kumi kutoka pale.

Raba zimefika jana. Hamsini, kwenye mfuko. Zipo kwenye droo.

Jumapili, 23 Oktoba

Hakuja. Nimeandika ukurasa wa redio kuhusu fyuzi. Mkali. Nauhifadhi kwa wiki ijayo.

Jumamosi, 29 Oktoba

Pikapu ya Nicanor imeungua alfajiri kwenye uwanda wa chumvi. Alitoka salama. Kisha akafungua boneti ang'oe waya wa betri kwa mikono. Moto ukamrukia usoni. Wavuvi waliokuwa nyuma yake ndio waliomfikisha hospitali. Ofelia, mke wake, yuko naye.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 30 Oktoba

Nimeusoma ukurasa. Niliongeza mwisho mpya. Nilisema: fyuzi ya thelathini kwenye waya wa ishirini si kosa, ni kiberiti, na aliyekiwasha namtaja kwa jina: Rigoberto Meza. Mtangazaji hakucheka safari hii.

Jioni watu wamenipungia mkono njiani. Mmoja akaniambia, "Umetusemea, fundi."

Jumanne, 1 Novemba

Nicanor amefariki asubuhi. Mitaani wanauza maua ya manjano ya siku ya marehemu. Ofelia alikuwa ameagiza ya wazazi wake tu.

Jumatano, 2 Novemba

Tumemzika. Rigoberto alisimama mbali, nje ya ukuta wa makaburi. Shemeji yake Ofelia alimwendea akamwambia kitu, Rigoberto akaondoka. Kwenye lango la gereji yake mtu ameandika kwa rangi: 30. Tarakimu hizo tu. Toka juzi hakuna gari lililoingia pale. Kwangu wamesubiri wanne.

Ijumaa, 4 Novemba

Ofelia anataka kumshtaki Rigoberto. Jumatatu anakwenda kwa mwendesha mashtaka. Ameniomba nikalitazame gari, niandike ushahidi wa fundi. "Wewe una maneno, dada," alisema. "Mimi sina hata moja."

Nimekwenda. Gari liko uani nyuma ya kituo cha polisi. Rigoberto alikuwepo tayari, amechuchumaa kwenye kivuli.

"Karibu, Redio. Umekuja kumpiga picha muuaji?"

"Nimekuja kutazama."

"Basi tazama. Mimi nimeshamaliza."

Nilianza na fyuzi. Plastiki imeyeyuka, chuma chake kizima. Thelathini. Haikukatika. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu humu sijidanganyi: kwa pumzi moja, mbele ya gari lililomuua Nicanor, nilifurahi.

Kisha nikamulika tundu la bati. Ukingo wake unang'aa. Shaba imeganda juu yake kama tone la nta. Waya ulisagwa pale, kila bonde, kila jiwe, hadi ukabaki uchi. Hakuna raba. Hata masizi ya raba hakuna.

"Ulifunga na nini?" aliuliza.

"Utepe."

Hakucheka. Angecheka ningemshukuru.

"Na wewe," nikamwambia, "fyuzi imeungua mara mbili, mbona hukuufuata waya? Mbona hukutafuta?" Sauti yangu ilikuwa ile ya redio. Niliisikia mwenyewe.

Alichorachora mchangani kwa bisibisi.

"Nilifungua boneti nikaona mafundo yako. Nikasema, hii kazi ya Hermelinda, hapa hakuna cha kutafuta. Ingekuwa ya mtu mwingine, Redio, ningeifumua yote."

Akainuka, akapangusa suruali.

"Ya fyuzi ni yangu," alisema. "Hiyo sikatai. Nitakwenda nayo kaburini. Ya utepe utakwenda nayo wapi, wewe ndiye unajua."

Nimerudi nyumbani, nimegeuza kurasa hizi nyuma. Tarehe 4: mizunguko sita. Tarehe 20: hatua kumi, na droo. Ile fyuzi ilikuwa inanisema mimi. Mara mbili. Yeye akaiziba mdomo, mimi nikasimama kwenye foleni ya chapati nikihutubia.

Jumamosi, 5 Novemba

Nimejaribu kuandika ukurasa. Rasimu ya kwanza ilianza na ukosefu wa raba nchini. Ya pili na miaka mingapi nimefanya kazi bila ajali. Ya tatu ilikuwa na yule mfalme wa Uajemi. Nimezichana zote tatu.

Casimira amesafiri na gari lake leo kwenda kuzalisha mtu milimani. Sikumwahi.

Jumapili, 6 Novemba

Saa tano na nusu asubuhi. Naingia hewani saa sita. Ofelia yuko sebuleni na karatasi ya mashtaka. Imeandikwa jina moja. Ananisubiri niongeze ushahidi wangu, atie saini. Nimemwambia namalizia kuandika. Amejibu, "Andika taratibu, dada, uandike vizuri." Anaosha vikombe vyangu.

Huu ndio ukurasa. Bado sijamsomea. Sijui kama nitaanza naye au na redio.

Mimi ndiye niliyefunga taa za Nicanor Arce. Nilipitisha waya kwenye bati bila raba, nikajua, nikamwacha aende. Rigoberto Meza aliweka fyuzi kubwa zaidi. Kosa lililoiunguza fyuzi ni langu. Ofelia, usitie saini karatasi yenye jina moja. Eusebio, na wewe Casimira kama umesharudi, na yeyote aliyefungiwa taa na mimi mwezi wa Oktoba: fungueni boneti, chomoeni fyuzi ya taa, msiwashe gari mpaka nije. Msinisikilize hadi mwisho. Iacheni redio ikisema, nendeni sasa hivi.