Rudia Nilivyosema

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: kifo cha mtoto baada ya kunywa dawa ya kikohozi
Jina: limehifadhiwa kwa usalama wake, mtaani huitwa Mama Rudia
Umri: miaka 53
Kazi: mfamasia, mwenye duka la dawa
Makazi: nyumba iliyo nyuma ya duka hilo

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Duka langu liko kati ya fundi cherehani na saluni. Sitoi dawa kwa mtu mpaka aniambie kwa mdomo wake mwenyewe atakavyoitumia. Namwambia, "Rudia nilivyosema." Akikosea tunaanza upya, hata kama foleni imefika barabarani. Ndiyo asili ya jina langu. Wakinuna huwa nawatania kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nao hucheka, mambo yakaisha.

Mnamo Jumatatu tarehe 9, saa mbili asubuhi, fundi cherehani jirani yangu aliingia dukani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alisema, "Dada, nipe kitu cha kumsaidia mwanangu akojoe. Tangu jana mchana, hata tone." Mtoto ana miaka mitatu. Nilimuuliza amekunywa nini. Akajibu, "Si ile yako ya kikohozi tu. Sijaruka hata kijiko." Alisema kwa fahari, kama mwanafunzi aliyefaulu. Nilimwambia afunge duka ampeleke hospitali saa hiyohiyo.

Kabla ya saa sita akaja mzee fundi baiskeli, mjukuu mgongoni. Naye hakojoi, na dawa ni ileile. Daktari humwona mgonjwa aliye mbele yake. Sisi wa kaunta tunapitiwa na mtaa mzima. Wawili kwa asubuhi moja! Mzee nilimpakia kwenye teksi na mjukuu wake, kisha nikaziondoa chupa zote rafuni, nikazifungia kabatini. Nikapiga simu hospitali, nikapiga mamlaka ya dawa, halafu nikampigia wakala aliyeniletea.

Wakala akasema, "Dada yangu, usizue taharuki. Mzigo huo umekwenda nchi tatu na hakuna aliyelalamika. Watoto wa siku hizi hawanywi maji, basi." Nikamjibu kwamba kama umekwenda nchi tatu, apige simu nchi zote tatu. Akakata. Jioni alikuja na gari akitaka nimrudishie chupa kimyakimya, yaishe. Nilimwambia zitatoka humo kwa mkono wa mkaguzi tu, na kama ana haraka anibebe mimi pamoja na kabati. Mkaguzi alizichukua Jumanne. Haya nitayarudia popote, hata mbele ya wakala mwenyewe.

Lakini chupa tano zilikuwa zimeshatoka dukani. Mbili ni hizo nilizozitaja. Nilitoka kwa miguu kuzitafuta nyingine. Kwa mwalimu niliikuta juu ya kabati, haijafunguliwa. Akasema, "Mama Rudia, usinigombeze, nimesahau." Kwa dobi, mtoto alikuwa ameitema mara ya kwanza, baba akakata tamaa akaiacha. Siku nyingine ningewachamba wote wawili. Siku hiyo nilimkumbatia dobi wa watu mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Jumatano adhuhuri mtoto wa fundi cherehani alifariki. Mjukuu wa fundi baiskeli bado yuko wodini. Nilikwenda msibani nikijua nitafukuzwa. Fundi mwenyewe, mama wa marehemu, alinishika mkono akasema, "Dada, nilifanya vilevile ulivyosema." Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningepumua.

Tangu hapo namsikia. Nikifungua bomba namsikia, nikifunga mlango namsikia. Waliopuuza, watoto wao wanacheza uani. Aliyenisikiliza amezika. Jana mteja alikuja kuchukua dawa ya macho. Nilifungua kinywa nimwambie arudie, sauti haikutoka. Nikampa tu, akaondoka akinishangaa.

Chupa ya tano aliichukua mama nisiyemjua, Jumamosi mchana, mvua ikinyesha. Alisema wamehamia majuzi na mtoto ana mwaka mmoja. Sura yake siikumbuki, alijifunika kanga kichwani. Nimetangaza shuleni, sokoni na kwenye nyumba zote za ibada, hajatokea. Afande ameniuliza kifuniko kina rangi gani. Ni cheupe, kama vya dawa nyingine zote.

Ninachokumbuka ni jinsi alivyorudia. Aliimba: "Tikisa, pima, mpe ameshiba, kijiko cha dawa, si cha chai." Kisha akaongeza la kwake, akicheka: "Na baba asipime,

(Kuanzia hapa maelezo yanaandikwa na askari mwingine.)

Naendelea. Nilipofika hapo kalamu ya afande ilisimama. Akamalizia yeye: "Mkono wake mzito." Nilimuuliza nani kamwambia maneno hayo. Akasema, "Mke wangu. Tangu Jumamosi anamwimbia mtoto wetu." Nikamuuliza, "Anakojoa?" Akasema, "Sijui, mama. Nimekuwa zamu." Alitoka mbio. Kofia yake ndiyo hiyo mezani.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sina la kuongeza, na la kupunguza ningelipenda, lakini halipo.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEKAMILISHA

Nimemsomea shahidi maelezo yake naye amekubali kuwa ni sahihi. Hata hivyo alikataa kutia sahihi. Alisema hatatia mpaka apate habari za mtoto wa mwenzangu, na kwamba nikitaka nimweke mahabusu. Nilimpa maji, hakuyanywa. Alikaa akiitazama ile kofia.

Jioni mwenzangu alipiga simu kutoka hospitali. Chupa ameipeleka kwa mkaguzi, imepungua kidogo tu. Mkewe alikiri kwamba kila siku aliimba kijiko kimoja lakini akampa mtoto nusu, kwa kumwonea huruma, na tangu aliposikia tangazo jana hajampa kabisa. Hakujitokeza kwa kuogopa kugombezwa na yule mama wa dukani.

Nilimwambia shahidi, "Mtoto amekojoa."

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Ndipo akachukua kalamu.