Kinundu Kwenye Mstari wa Kijani

Baba Njeri wangu,

Nimekutoa kwenye jedwali. Nimeona heri uyasikie haya kwangu, maana ulichukia sana kusikia mambo ya nyumba yako kutoka kwa majirani. Nilikutoa kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa kazini. Na kuna la pili, ambalo ndilo linalonichoma zaidi: Njeri anakwenda kuvaa sare kama yako.

Bado niko ofisi ile ile ya utafiti mjini, ghorofa ya saba, lifti ikifanya kazi siku ikipenda. Bado nafanya ile kazi uliyokuwa ukiicheka, kulinganisha matumizi ya kijeshi ya nchi washirika, mwaka baada ya mwaka, nani ameongeza na nani amepunguza. "Wewe unapigana vita kwa kalamu," ulikuwa ukisema, nami nakujibu kwamba kalamu yangu angalau hulala nyumbani. Mwanzoni ulicheka. Baadaye ukaacha kucheka, nami nikaacha kusema.

Unakumbuka likizo yako ya kwanza kutoka kikosi cha pamoja? Ulikaa pale kibarazani kwetu Waithaka, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi, visigino vimechubuka hadi nyama inaonekana, ukanisimulia ubishi wa kambini. Wanajeshi wa nchi nne mmepanga buti zenu nje ya hema, mnabishana serikali ya nani inapenda watu wake. Mmoja anataja bei. Mwingine anazipima uzito mkononi kama mnunuzi wa kuku. Wewe ukawaambia huo ni upuzi, mguu lazima uwe mmoja. Mtu mmoja avae zote, moja baada ya nyingine, azunguke kambi, kisha aseme. Wakakuchagua wewe, mjinga wangu.

"Na zilikuwaje?" nikakuuliza.

"Zote zinauma."

Jumamosi yake tulienda Dagoretti, karibu na machinjio, ukachagua ngozi mbili za kondoo. Zilikauka juu ya ua wiki nzima, mama mwenye nyumba akinuna kwa harufu. Mimi nikashika ngozi, wewe ukakata soli za kuweka ndani ya buti, jozi mbili. Moja ilikuwa yako. Ya pili ilikuwa ya Sajini Musa, rafiki yako wa nchi jirani, ambaye ulikuwa umempima miguu kwa kamba. Ulirudi kambini nazo zimefungwa kwenye gazeti.

Mlikufa ndani ya gari moja, wewe na Musa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Maafisa wawili wa jeshi walipofika langoni nilikuwa nachambua mchele, na nakumbuka niliumaliza wote, punje kwa punje, wao wamesimama, kwa sababu nilijua nikiinua kichwa tu watasema.

Mwaka uliofuata, wewe ukaingia kwenye grafu yangu. Kila nchi ina mstari wake na rangi yake, sisi ni kijani. Upande wetu, pensheni za wajane na mayatima zilihesabiwa pamoja na matumizi ya jeshi, na nyinyi mlioondoka mwaka ule mlitosha kuinua mstari. Kinundu kidogo tu. Mtu mwingine angedhani kuna bunduki zilinunuliwa. Mimi kila nikipita pale nilikuwa nakusalimia. Miaka yote hii nimekuwa nikikusalimia kwenye grafu, na sikumwambia mtu, hata Njeri.

Sasa tukapewa ripoti kubwa ya kuandaa, kuanzia mwaka aliozaliwa Njeri mpaka leo. Shida ikawa kwamba kila nchi inajihesabia kivyake. Moja inaweka polisi wa mpakani ndani ya jeshi. Nyingine pensheni zake ziko wizara nyingine kabisa, kwenye hesabu za jeshi huzioni. Kwa kina Musa ndivyo ilivyo. Ukisoma jedwali hivyo utasema sisi tunatumia sana kuwashinda wenzetu, kumbe ni sisi tu tunaohesabu wajane mahali pamoja na risasi.

Harpreet ndiye aliyekuja mezani kwangu. Unamkumbuka, mwenzangu wa kazi anayekaa mtaa wa Woodley, yule aliyeniletea sufuria mbili za dengu wakati wa matanga yako. Hakuketi.

"Mama Njeri, hiyo mstari ya pensheni itabidi itoke," akasema, macho dirishani. "Si unajua wale wengine hawana."

"Najua."

"Wacha nitoe mimi. Wewe enda ukunywe chai."

Nikamwambia akae. Nikamsimulia habari ya buti na ya mguu mmoja. Akasema wewe ungeifanya kazi yetu vizuri kutushinda.

Sikuutoa siku hiyo. Nilikaa na jambo hilo siku mbili, na sababu ni Njeri. Mwaka jana alikwenda uwanjani kujiandikisha jeshini na vijana wenzake, akakimbia, akapimwa meno na kifua, akapita yote, akaambiwa nafasi zimejaa. Aliporudi nilimpikia chapati, akadhani namfariji. Nilikuwa nasherehekea, Mungu anisamehe. Sasa nilijua wazi: ripoti ikionyesha tuko juu ya wenzetu, hakuna atakayeongeza nafasi, na mtoto atachoka kungoja atafute kazi nyingine. Ningeuacha mstari ule, Harpreet asingenisema kwa mtu. Ningeweza kumficha mtoto wako nyuma yako.

Lakini jedwali lingekuwa la uongo, na wewe ulichubuka visigino ili useme ukweli wa buti tu. Nikautoa. Sikutaka uguswe na mkono wa mtu mwingine. Nilibonyeza, mstari wa kijani ukashuka, na pale ulipokuwa pakalala sawasawa. Chini nikaandika tanbihi, kwamba pensheni za wajane na mayatima hazimo. Kisha nikajikaza kisabuni mpaka choo cha ghorofa ya chini, ambako hawanijui, nikalia huko.

Siku ya kuisoma ripoti, mkurugenzi wetu alisimama mbele ya wageni, grafu ukutani, akaugusa mstari wa kijani kwa kidole. "Mnaona? Wenzetu wote wako juu yetu. Tumeachwa nyuma." Watu wakaandika. Nikainua mkono, nikasema kuna tanbihi. "Asante, tumeiona," akasema, akafungua ukurasa mwingine. Hawakuwa wameiona. Walikuwa wameshaanza kuulizana bajeti iongezwe kiasi gani.

Sisemi ni jedwali langu peke yake. Ila nafasi ziliongezwa, na Njeri akapita. Anaripoti kambini Jumatatu.

Kuna asubuhi nakukasirikia wewe, kwa buti zako na ukweli wako. Nakunywa chai nikiwa nimenuna kama kwamba umeketi hapo mbele yangu. Njeri ananiambia, "Mama, baba angefurahi," na mimi namjibu sijui, kwa sababu kweli sijui. Ungefurahi? Miaka yote ile hukuwahi kunieleza kama ungependa mtoto aende, nami sikuuliza, maana alikuwa mdogo na tulidhani tuna wakati.

Juma lililopita aliniuliza zile ngozi za baba zilinunuliwa upande gani wa Dagoretti. Nikampeleka. Zimekauka juu ya ua ule ule, na mama mwenye nyumba, ambaye sasa amezeeka, safari hii hakununa. Leo asubuhi nilitafuta karatasi ya kupimia nikakosa, nikachukua rasimu ya ripoti, nikamsimamisha juu ya mgongo wa ukurasa mmoja, nikamchora unyayo. Ni wako mtupu, hata kile kidole cha pili kilichozidi kidole gumba. Nilipogeuza karatasi nianze kukata, nikaona ni ukurasa wa grafu. Wino ulikuwa umepenya, na kisigino chake kilikuwa kimekaa juu ya mwaka wako, pale palipolala sawasawa.

Nikakata hivyo hivyo. Nikakata jozi mbili.

"Hizi zingine za nani?" akauliza.

"Za mtu utakayempata huko."

Alizifunga kwenye gazeti bila kuuliza zaidi.

Pumzika, Baba Njeri. Ila ukimwona Njeri huko kabla ya kuniona mimi, sitakusamehe, wala sitajisamehe mimi.

Mkeo,
Mama Njeri